Nakala ya Tatu

Tuzo ya kwanza niliyoshinda kwa kalamu ilikuwa ndoo. Ndoo ya plastiki ya buluu, yenye kifuniko na bomba dogo ubavuni. Shindano lilikuwa la hadithi fupi kuhusu usafi, na masharti yalitaka mhusika mkuu anawe mikono si chini ya mara tatu. Nikaandika mapenzi ya msichana mmoja na mpishi wa hoteli ya Shelly Beach, nikawanawisha mpaka vidole vikakunjamana, nikawa wa tatu. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja ambaye hadithi yake inasimuliwa na kijidudu cha kipindupindu. Yeye alipewa tangi. Nilipigwa picha jukwaani nimekumbatia ndoo yangu, na mwenye shindano akanishika bega akaniambia nikiendelea hivyo nitafika mbali.

Sikufika mbali. Niko Likoni vilevile, katika nyumba ileile ya vyumba vitatu na ua, na ndoo bado tunayo.

Baada ya hapo niliingia kila shindano nililolisikia: la amani wakati wa uchaguzi, la kulinda mikoko, moja la vijana na akiba ingawa ujana ulikuwa umeshanipa mgongo. Sikuambulia hata kijiko. Hadithi zilizoshinda nilizisoma zote, kwa jicho la mtu anayekagua chungu cha jirani. Nyingi zinaisha kwa mvua. Mwandishi akishindwa kumaliza huleta mvua, mhusika akasimama nje akalowa, na majaji wakafuta machozi. Majaji nao nawajua. Wengine hawajaandika kitu maishani zaidi ya ripoti za ofisi. Wengine waliandika kijitabu kimoja enzi hizo, na tangu hapo kazi yao ni kukaa meza ya mbele na chupa ya maji, wakituambia kiwango kimeshuka. Kimeshukaje, na nyinyi ndio mliokalia ngazi?

Halafu likaja lile kundi la simu, la changamoto ya kuandika riwaya kwa siku thelathini. Aliyelianzisha alikuwa mtu wa bara aliyejiita kocha wa waandishi. Kitabu chake cha pekee kilikuwa kinaeleza namna ya kuandika kitabu kwa siku thelathini. Kila alfajiri alitutumia sauti yake: "Amka, mwandishi! Dunia inakusubiri!" Mimi dunia haikuwa ikinisubiri. Aliyenisubiri ni mume wangu, na alitaka chai. Jioni kila mtu alitangaza ameandika maneno mangapi, na wenzake wakamrushia vidole gumba na vijimoto. Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akitoa maneno elfu tano kwa siku. Siku alipotuonjesha, nikakuta mhusika wake ameamka, amepiga mswaki, amechana nywele na kuchagua sketi, kurasa nne nzima, na hajafika mlangoni. "Umetisha!" wakamwambia. Mimi niliandika maneno mia mbili nikaambiwa sina nidhamu. Siku ya kumi na moja nilimuuliza kocha kama amewahi kusoma riwaya yoyote mpaka mwisho, akanitoa kundini.

Mume wangu alicheka sana siku hiyo. Alikuwa fundi wa friji, mtu mwema kwa jumla, mwenye sauti kubwa. Mbele ya wageni alipenda kusema, "Mke wangu mwandishi, msimuone hivi," kwa ile sauti ambayo watu huitumia kwa mtoto anayesema atakuwa rubani. Mara moja alichana ukurasa wa daftari langu akafungia misumari. Nilimwambia huo ndio ukurasa bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimrudia neno hilo miaka mitatu, kila tulipogombana, mpaka nikaamini mwenyewe. Sasa sikumbuki hata ulihusu nini.

Akafa. Alikuwa na sukari, akapata kidonda mguuni, akakidharau, akalazwa, na wiki mbili baadaye tulimzika baada ya sala ya alasiri. Nililia, na kilio changu kilikuwa cha kweli. Nilimpenda kwa kiasi, na yeye alinipenda kwa kiasi, na kumbe kiasi nacho kikiondoka huacha nyumba tupu.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwa marehemu muda wote huo, hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki ila kwa haja ya lazima. Na kwetu sheria ni moja na majirani ni nyingine. Hata nikisogea langoni kuangalia paka, habari ilifika Mtongwe kabla sijageuka. Mama wa mume wangu, yaani mavyaa, alifunga nguo zake kwa leso akahamia kwangu ili anisimamie eda mpaka iishe. Alilala chumba cha pili, akashika jiko, akashika mlango.

Wanawake walikuja makundi kwa makundi kunipa makiwa, ile pole ya msiba. Huku kwetu kumfikia mfiwa bila kumpa makiwa ni tusi, na mfiwa hasahau. Mimi nilikuwa nawahesabu. Wifi mmoja wa Mikindani alikuja siku ya pili, akakaa, akala, akasimulia mambo ya mpangaji wake, akaondoka bila kulitamka neno hilo. Mwanachama mmoja wa lile kundi la simu, jirani yangu kabisa, alinitumia kidole gumba na kisura kinacholia, nikamuandika pia. Niliwaandika wote kichwani, na nilikuwa nimekusudia kutomsamehe hata mmoja.

Sasa nitasema jambo ambalo silionei fahari. Siku ya tatu, baada ya hitma, nyumba ikiwa bado inanuka ubani na pilau, nilipiga hesabu. Yule kocha alikuwa anatupa siku thelathini. Mimi nilikuwa na zaidi ya mia moja na ishirini, ndani ya nyumba, nikipikiwa, bila mtu wa kunituma popote. Na kulikuwa na shindano la riwaya limetangazwa, shindano la kweli, lenye uchapishaji ndani yake, na siku ya mwisho yake ilikuwa wiki tatu kabla ya eda yangu kuisha. Nikayatoa madaftari yangu chini ya godoro, sura mbili tatu nilizozianza miaka miwili nyuma, nikaanza upya.

Mwanamke anayeandika mchana kutwa mbele ya wageni lazima aulizwe. Wiki ya kwanza mavyaa alisimama mlangoni mwa chumba akasema, "Hayo wayaandika, ni ya mwanangu?" Nilikuwa katikati ya sentensi nzuri, na sentensi nzuri hazinijii kila siku. Nikasema, "Ndiyo, mama." Sura ile kweli ilikuwa na mume ndani yake. Hivyo ndivyo nilivyojitetea.

Alasiri hiyohiyo nikamsikia uani akiwaambia wageni, "Yuwamuandikia mume wake dua. Tangu asubuhi hajainua kichwa, masikini." Basi sikuhitaji kusema neno jingine. Wanawake walipunguza sauti. Watoto walifukuzwa dirishani. Hata kombe nililetewa. Mama mmoja alikuja na sahani nyeupe na zafarani imefungwa kikaratasini, akataka nimuandikie aya sahanini, azioshe kwa maji ya waridi, mjukuu wake mgonjwa anywe. Nikamwambia mimi si mtu wa hayo mambo, na hilo lilikuwa jambo la pekee la kweli nililosema mwezi huo. Likanizidishia sifa. Mcha Mungu wa kweli, wakasema, hajitangazi.

Niliwadharau wote, wazi wazi, moyoni mwangu. Niliwaona watu wanaoweza kudanganywa na daftari. Kila aliyekuja akashusha sauti nilimwona mjinga mwingine aliyeninunulia saa moja ya kimya, na nikaitumia.

Mavyaa ndiye aliyenitatiza. Kabla hajayagusa madaftari alitia udhu. Nilimwona kupitia pazia: anakwenda kwenye ile ndoo yangu ya buluu, anafungua bomba, ananawa mikono, anasukutua, anaosha uso, anapaka maji kichwani, anaosha miguu, halafu ndiyo anayabeba kwa mikono miwili kuyaweka rafuni, pembeni ya msahafu. Kila siku, nikishamaliza. Nilikuwa nageukia ukutani.

Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ndani. Riwaya yangu ilikuwa na mavyaa, na mavyaa huyo alikuwa ni huyu, na kilemba chake cha kanga, na namna yake ya kuelekeza vitu kwa kidevu. Ukurasa wa kwanza unaanza akiingia jikoni kwa mkaza mwanawe, anafunua chungu cha mchuzi, ananusa, anafunika, asiseme kitu. Hilo alinifanyia kweli, wiki ya kwanza ya ndoa yangu. Nililiweka moyoni miaka kumi na nne, na nilipolimwaga lilijaza kurasa nne. Nikiri kuwa zilikuwa nzuri. Nilizisoma peke yangu nikacheka, naye yuko jikoni ananikaangia samaki.

Nikamaliza. Nikayachapa yote kwenye simu kwa kidole gumba, mpaka kidole kikavimba, nikayatuma kwa mtu wa kupiga chapa karibu na kivuko. Masharti yalitaka nakala tatu zilizojalidiwa, zifikishwe kwa mkono ofisini kwao ng'ambo, kisiwani, kabla ya saa kumi ya Ijumaa. Katika zama hizi ambazo harusi za watu zinatazamwa simuni, wao wanataka karatasi zivuke bahari. Najua sheria inamruhusu mwenye eda kutoka kwa haja. Lakini niwaambie nini wale wanawake wa uani, kwamba haja yangu ni shindano?

Nikamwambia mavyaa. "Mama, kuna vitabu vitatu vyataka kufikishwa ng'ambo. Kuna watu watavisoma."

"Watavisoma?" Macho yakamjaa maji palepale. "Allah akulipe, mwanangu. Kila atakayesoma, thawabu zamfikia yeye kaburini."

Alidhani ni sadaka, kama watu wanavyomchapishia marehemu wao vijitabu vya Yasini na kuvigawa msikitini. Ningeweza kusema. Nafasi ilikuwa pana, angalau dakika nzima, wakati anatafuta viatu. Nikasema, "Inshallah, mama," nikampa anwani kwenye kikaratasi. Akatia udhu, akavaa buibui, akachukua leso safi ya kuvifungia vitabu, akaenda.

Alirudi baada ya alasiri. "Wamepokea," alisema. Akaketi, akanywa maji, akavua viatu, akauliza usiku tule nini.

Asubuhi yake nikayakuta madaftari juu ya friji, kati ya dawa za mbu na chaja mbovu. Nikadhani alikuwa akipangusa rafu. Sikuuliza. Nilikuwa na kazi kubwa ya kutunga hotuba yangu ya kupokea tuzo, ambamo kocha wa siku thelathini alitengewa aya mbili.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe. Kazi yako imeondolewa kwa kutotimiza masharti. Nakala zilizopokelewa ni mbili. Nilisimama uani nikatukana. Watu wana shahada mpaka masikioni, nikasema, na hawawezi kuhesabu mpaka tatu. Nikawapigia. Msichana wa mapokezi alikuwa na sauti ya ukarimu, na hilo likanichukiza zaidi.

"Yule mama alileta viwili, dada. Nilimwambia vinatakiwa vitatu. Akasema kimoja ni chake." Kisha akacheka. "Aliniomba nimsomee kidogo mwanzo. Nikamsomea karatasi mbili. Kile chungu! Wallahi kinachekesha kitabu chako, pole sana hawatakisoma."

Nilikata simu. Jua lilikuwa bado kali, na mavyaa alikuwa kwenye mkeka kivulini anachambua mchele. Wiki mbili. Wiki mbili alikuwa anajua, na wiki mbili alinipikia, akanifulia, akanipokelea wageni, akawaambia wasipige kelele. Nilitaka kumkasirikia, kwa sababu hasira ndiyo niliyokuwa nayo tayari.

"Mama," nikasema, "kitabu cha tatu kiko wapi?"

Hakushtuka. Aliweka ungo chini, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akatoka nacho kimefungwa kwenye leso ileile.

"Hiki nilikizuia," alisema. "Yule msichana alinisomea hapo mwanzo, akawa acheka sana, nikamwambia basi. Nikasema, huku mbele lazima mwanangu yupo. Mimi herufi hizi sizijui, najua za chuoni, za Kiarabu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Naona huniambii." Akanipa. "Haya, kaa. Nisomee. Nataka kujua mwanangu yu wapi humu."

Nikakaa mkekani. Nikafungua ukurasa wa kwanza, na nikafanya jambo la mwoga. Nilianza kutunga papo hapo. Nikasoma kwamba palikuwa na mama mmoja mpole, aliyeingia jikoni kwa mkaza mwanawe na kumsaidia kupika.

"Sivyo," alisema. "Hapo pana chungu. Soma ulivyoandika."

Nikasoma nilivyoandika. Alisikiliza akiwa ameshika mchele kiganjani bila kuuchambua. Kwenye kidevu alitabasamu kidogo, akasema, "Hicho nimerithi kwa mamangu." Nilisoma sura ya kwanza nzima, na nikagundua njiani kuwa zile sentensi nilizocheka nazo peke yangu zilikuwa na ubaya ambao sikuusikia nilipokuwa na kalamu. Nikaingia sura ya pili. Mwishoni mwake mume anakufa. Nilihitaji afe, ili mkaza mwana na mavyaa wabaki peke yao nyumbani wagombane vizuri. Nilikuwa nimemzika mume wa kweli wiki tatu tu kabla ya kuandika mahali hapo. Nikasoma. Nikafika mwisho wa sura.

"Basi?" aliuliza.

"Basi, mama."

"Harudi tena?"

"Harudi."

"Mistari mingapi hiyo?"

Nikahesabu kwa kidole, ingawa nilijua. "Minane."

"Na chungu kimechukua karatasi ngapi?"

Nikafunua nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Nikasema, "Nne."

Akatikisa kichwa polepole, akatazama ile ndoo aliyokuwa akitilia udhu, kando ya ukuta, halafu akalia. Hakulia kwa sauti. Miezi yote ile sikuwahi kumwona akilia, na sikuwahi kujiuliza analilia wapi, maana mimi nilikuwa na chumba, na yeye alikuwa na jiko la watu arobaini. Aliyekufa ni mtoto wake wa pekee wa kiume, aliyemnyonyesha miaka miwili, na yeye mama mtu alikuwa ameshika sinia mlangoni akipokea makiwa yangu mimi. Nikawakumbuka wote niliokuwa nimewahesabu, wifi wa Mikindani, jirani wa kidole gumba, na nikaona jina lililokosekana kwenye orodha: langu. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau jaji yeyote.

Nikafunika kitabu. Nikamshika mkono, ule wenye mchele.

"Makiwa, mama," nikasema.

Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akaurudisha mchele kwenye ungo.

"Wewe ndiwe wa mwisho," alisema. "Hata muuza mkaa alishanipa."